Mama Alikuwa Kwenye Pipa la Taka

Baba yangu husafisha kompyuta kama anavyoosha gari: hata isipokuwa na vumbi. Kwa hiyo alipoingia chumbani kwangu ameikumbatia kifuani, nikajua leo imeoshwa kupita kiasi.

"Mgonjwa anaumwa wapi?" nikauliza.

"Nani kakufanya daktari, wewe uliyepata sufuri ya kemia?"

"Jina niliandika vizuri, mzee. Lete."

Kwa kawaida hapo angecheka. Akaiweka kitandani taratibu. Kwenye skrini kulikuwa na alama kubwa ya kijani: Hongera, kompyuta yako ni safi.

"Ilisema rejista ina makosa," akasema. "Nikaogopa itakufa na mama yako akiwa humo. Nikabonyeza safisha yote."

"Rejista ni pale kompyuta inapokumbuka mipangilio yake tu, baba. Hizi programu zinatisha watu bure. Diski yako ni SSD, zile mpya zisizozunguka, hata kasi haziiongezei. Sauti za mama ziko folda gani?"

Akatazama kandambili zake.

"Kwenye pipa."

"Pipa gani?"

"La taka."

Utani ulishafika kwenye ncha ya ulimi. Nikaumeza.

Mama alipofariki, dada alizitoa sauti alizokuwa akimtumia baba kwenye simu, kabla simu yenyewe haijafa, akaziweka kwenye kompyuta, mbele kabisa ya skrini. Baba hakuweza kuiwasha bila kuziona. Kuzifuta hakuthubutu. Basi akajitafutia mahali pa katikati: akazitupa kwenye pipa asilomwaga. Akitaka kumsikia, anaingia, anarejesha ujumbe mmoja, anausikiliza, anaurudisha. Sisi tulidhani anacheza karata humo, na nilikuwa namuuliza kila jioni amefungwa mara ngapi.

Nikafungua ile programu. Chini ya rejista kulikuwa na kisanduku kidogo, kimeshawekewa alama tangu mwanzo: mwaga pipa la taka.

Nikaendesha programu ya kuokoa faili. Zikatokea zote saba, ukubwa uleule. Baba akanishika bega. Nikabonyeza ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Mkono wake ulikuwa unazidi kuwa mzito hadi ya saba.

"Ongeza sauti," akasema.

"Imefika mwisho, baba."

Nikamweleza kwamba yamerudi majina tu, ndani ni tupu. Diski yake ya zamani, ile iliyounguruma kama mashine ya kusaga, ilikuwa mvivu. Ukifuta kitu, inakiacha palepale mpaka ipate kingine cha kuweka juu yake, na fundi anaweza kukifukua. Hii mpya, ukishamwaga pipa, inapangusa yenyewe, kabla hata hujajua umekosea.

"Kwa hiyo hii ndiyo yenye haraka."

"Ndiyo."

"Haraka ya kwenda wapi."

 

Akakaa pembeni ya kitanda. Alama ya kijani ilikuwa bado inatupongeza, nikaifunga skrini.

"Wewe ulikuwa unamwigiza," akasema. "Mpaka anakurushia mwiko."

"Ulikuwa mchezo tu."

"Ule ujumbe wa sabuni. Useme."

Nikasafisha koo. Nyumba nzima inajua kuiga sauti ile ilikuwa kazi yangu. Nimewahi kumwita dada kutoka bafuni kwa sauti hiyo, akatoka na povu kichwani.

"Wewe mzee, ukipita dukani chukua sabuni, na usijifanye umesahau."

Baba alikuwa amefumba macho. Akatikisa kichwa.

"Alikuwa anavuta pumzi kwanza. Kama amechoka na mimi."

Nikavuta pumzi. Nikasema tena.

"Hapana. Hapo kwenye 'mzee' alikuwa karibu kucheka."

Nikajaribu kuwa karibu kucheka. Nilichokuwa karibu nacho hakikuwa kicheko.

"Bado," alisema baba, macho yamefumbwa vilevile. "Rudia."