Kungoja Foleni Iishe

Mabegi yalikaa nyuma ya mlango mpaka paka wa jirani akayazoea, akawa analala juu yake kama kitandani kwake. Wenye mabegi, mume na mke, safari yao ilikuwa bado ya mdomoni. Kila asubuhi mume alifungua redio, akasikiliza habari za barabarani, halafu akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa aliyechelewa.

"Leo hapana," alisema. "Waache wenye pupa watangulie."

Kazini walimwita Mkato. Aliendesha gari la kusambaza sabuni madukani, na hapakuwa na uchochoro mjini asioujua. Kukwama kwenye foleni kwake ilikuwa sawa na kutukanwa mbele za watu. Na sasa ulikuwa msimu wa joto, shule zimefungwa, viwanda vingi vimefungwa, kila mwenye gari amepakia watoto na magodoro anakwenda kwao. Barabara kuu ilikuwa imeziba. Kwa hiyo Mkato alipanga. Alipanga kwa vyombo vya chai: kikombe hiki daraja, sahani hii mzani wa malori, kijiko hiki njia ya vumbi ya kukwepea. Wimbi la kwanza la magari lipite, la pili nalo lipite, halafu wao wateleze. Mkewe alikaa akitazama chai yake ikipoa ndani ya daraja.

Mke alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Hakuwa na maneno mengi. Ukishinda kwenye mvuke na kelele za mashine, unajifunza kuweka mambo rohoni. Likizo hii aliiomba mapema, akabadilishana zamu na wenzake, kwa sababu ya mama yake aliyekuwa kitandani tangu mwaka uliopita. Mara ya mwisho kuzungumza na mama mwenyewe, mama alimwambia, "Njoo wewe unikate kucha. Huyu dada yako ananikata kama anamenya viazi." Wakacheka wote wawili, kisha mama akaanza kukohoa, akakohoa mpaka simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Kikohozi kile hakikumtoka masikioni. Alitaka kitu kimoja tu, amkute mama yake yu hai.

Siku likizo ilipoanza alimpigia dada yake, aliyekuwa akimuuguza mama, akamwambia kesho tunaondoka.

Kesho haikufika. Jioni alipiga tena, akaeleza kwamba mumewe anasubiri foleni ipungue, ila kesho kwa hakika. Dada akasema sawa, mama hajambo, amekunywa uji, njooni taratibu. Ikawa ndiyo desturi: asubuhi redio, jioni simu. Na kila jioni habari zilizidi utamu. Mama amekaa nje kidogo. Mama ameomba kioo ajitazame. Mama analala vizuri siku hizi, hata kikohozi kimekata.

Mke alizipokea habari hizo kama mtu anayepewa maji, akazipeleka kwa mumewe, na mumewe akazitia kwenye mipango yake. Asubuhi moja alijikaza, akamwambia waende tu hivyo hivyo, hata kama watalala njiani.

"Unataka tukakaangwe juani humo ndani ya gari?" Mkato alimuuliza. "Na mama anaendelea vizuri. Umesema mwenyewe."

Kweli, alikuwa amesema mwenyewe. Nje msusi wa jirani alimwona akianua nguo, akamwambia kwamba yeye ameshawaaga mara nyingi mpaka anaona haya, safari ijayo atawaaga kwa barua. Wateja wake wakaangua kicheko. Mke naye alicheka, kwa kuwa hakujua uso aufanye nini.

Siku ilipofika, redio ilisema barabara ni nyeupe. Walitoka alfajiri. Na kweli ilikuwa nyeupe, lami tupu, utafikiri imetandikwa kwa ajili yao. Mkato alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Alionyesha kwa kidole kila mahali ambapo wangekwama: hapa tungelala, hapa tungegombana, hapa maji yangetuishia. Alipiga mluzi mpaka kituo cha mafuta.

Yeye akashuka kujaza mafuta na upepo. Mke akabaki garini, akampigia dada yake aseme kwamba safari hii si uongo.

Simu ilipopokelewa, alisikia viti vya chuma vikiburutwa. Mwanamume mmoja alisema vuta turubai upande huu. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake wengi, za chini.

"Nani anaendesha?" dada aliuliza.

"Shemeji yako."

"Basi njooni taratibu. Mama hajambo."

"Nipe niongee naye."

Viti vikaburutwa tena.

"Amelala, mdogo wangu. Njooni taratibu."

Tangu utotoni dada yake alimwita Kiroboto. Hakuwahi kumwita mdogo wangu.

Simu ilikatika, naye akabaki ameishika. Baba yao, marehemu, alikuwa dereva wa malori ya masafa, na nyumbani kwao aliacha sheria moja: mtu aliyekwisha kuaga safari hapewi habari mbaya. Ukishasema kesho natoka, mpaka utakapokanyaga kizingiti, kwenu wote hawajambo, hata kama nyumba inaungua. Baba alimzika mwenzake aliyeambiwa msiba akiwa kwenye usukani. Sheria hiyo hata yeye aliitumia. Mjomba alipofariki, alimwambia kaka yao aliyekuwa njiani kwamba mjomba ameenda sokoni.

Na yeye aliaga siku ya kwanza ya likizo.

Uji, kiti cha nje, kioo, usingizi mzuri. Yote yalikuwa maneno ya wasafiri. Angalisema mwaka huu hatuji, angaliambiwa ukweli papo hapo, angalikimbia hata kwa miguu. Sasa hakujua hata ni jioni ipi, kati ya zile jioni zote, ambayo alikuwa ameshukuru kwa habari za mtu aliyekwisha kufa.

Mkato akarudi, mikono inanuka petroli, akawasha gari.

"Wanasemaje nyumbani?"

Aliitazama mikono ile kwenye usukani.

"Hawajambo. Wanasema tuje taratibu."

"Umeona? Ungenisikiliza tangu mwanzo, usingekonda bure."

Wakaingia barabarani. Baada ya muda Mkato akamwomba amwongeleshe, jua linamletea usingizi. Basi akaanza, yeye asiye na maneno. Akasimulia habari za msimamizi wao aliyeunguza shati lake mwenyewe kwa pasi, akalivaa hivyo hivyo mbele ya wageni, akitembea kinyumenyume ili mgongo usionekane. Alipomaliza hiyo akaanza nyingine bila kuvuta pumzi, maana aliisikia sauti yake ilivyo na akajua ikisimama kidogo tu haitarudi. Mkato alicheka mahali pa kucheka. Mbele yao hapakuwa na gari hata moja.