Fundo la Turubai

Dereva alifumba jicho moja, akatoa ulimi nje kidogo, akausogeza uzi kwenye tundu la sindano kwa uangalifu uleule aliokuwa akiutumia kulirudisha lori kinyumenyume kwenye lango jembamba la ghala. Uzi ukapita pembeni. Akaulowesha kwa mate, akausokota, akajaribu tena. Ukapita pembeni upande wa pili.

“Kata kona taratibu,” mkewe akamwambia kutoka kwenye cherehani, pini kadhaa akiwa amezibana midomoni. “Barabara yenyewe nyembamba.”

“Usinichekeshe, mama watoto. Nikicheka naumia.”

“Nani kakuchekesha? Mimi nakuelekeza njia.”

Ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu arudi kutoka hospitali. Alikuwa amenyanyua gurudumu la akiba peke yake, kwa kiburi tu, na tumbo likamjibu papo hapo kwa ngiri. Daktari akampasua, akamshona, akamtwika masharti: asiendeshe gari, asiiname ovyo, asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Mtu aliyevusha shehena za saruji milimani akawa anasogezewa hata mto wa kuegemea.

Na nyumba yenyewe haikumzoea. Miaka yote ya ndoa alikuwa mtu wa kuingia na vumbi na zawadi, akala, akalala, akaondoka. Sasa alishinda kochini, akagundua kwamba sebule ile ilikuwa na mwenyewe. Cherehani ilikuwa imeshika dirisha, vitambaa vya wateja vimeshika viti, na binadamu walikaa palipobaki. Siku za mwanzo alijaribu kutoa amri, meza isogezwe huku, majora yapangwe vile, mpaka mkewe akamtupia magotini rundo la mashati ya shule na kopo la vifungo.

“Shona. Mdomo nao upumzike.”

Akashona. Alishona kwa namna pekee aliyoijua ya kufunga kitu: akazungusha uzi, akauvuta kwa nguvu zake zote, akamalizia kwa lile fundo la kufungia turubai juu ya mzigo, fundo ambalo upepo wa milimani ulikuwa umelishindwa miaka nenda miaka rudi. Kesho yake jirani mmoja, mteja wa mkewe, akarudi, shati la mwanawe kaliinua juu kama ushahidi mahakamani.

“Fundi wangu, leo umenionea. Vifungo vimegandana na shati, havitaki kupita kwenye matundu. Tumevisukuma mimi na baba yake mpaka mtoto akalia.”

Mke akamtazama mumewe. Mume akaitazama dari.

“Lakini havijang’oka,” akasema.

“Havitang’oka mpaka kiyama,” mkewe akakubali, akachukua wembe. “Kifungo kinataka shingo, baba watoto. Kiachie nafasi ya kupumua.”

Maneno yale yakamwingia. Akakata, akarudia, safari hii akipitisha njiti ya kiberiti chini ya kila kifungo ili uzi usikaze mno. Akajifunza kupiga bandi ya kushikiza kitambaa, akajifunza kukunja pindo. Fundo la turubai tu ndilo lililomshinda kuliacha. Vidole vilijifungia vyenyewe.

Kisha binti yao mkubwa akaja kujifungulia nyumbani, tumbo likitangulia mlangoni, yeye akifuata.

“Shikamoo, Baba. Pole na maumivu.”

“Marahaba, mwanangu. Pole nawe na mzigo.”

Binti akasimama kidogo, kwa adabu, kama anavyosimama mtu mbele ya mgeni wa heshima, halafu akapita jikoni kwa mama yake. Punde kicheko kikalipuka huko. Dereva akakisikiliza kupitia ukutani. Alizijua kona zote za barabara kuu, angeweza kuzitaja akiwa usingizini, lakini kicheko kile kilikuwa kigeni masikioni mwake.

Watoto wake wote walizaliwa yeye yuko safarini. Kila mmoja alimkuta tayari kaogeshwa, kafungwa nguo, kapewa jina. Alileta zawadi, ndiyo: wanasesere, na viatu ambavyo kila mara vilikuwa vidogo, kwa kuwa alivinunua kwa kipimo cha mtoto aliyemwacha, si cha mtoto atakayemkuta. Binti alikuwa akivipokea kwa mikono miwili. “Asante, Baba.” Asante safi, iliyopigwa pasi, isiyo na kunyanzi hata moja.

Mjukuu huyu angekuwa wa kwanza kumkuta ameketi. Angempokea na nini?

Ndipo alipoanza kuokota masalio. Kila wanawake walipojifungia jikoni, alivuta kutoka kapuni kipande cha pazia, kipande cha sare, kipande cha gauni la mtu asiyemjua, akaviunga kwa mkono viwe blanketi la mtoto. Akisikia hatua, alilisokomeza chini ya mto wa kochi. Hakuogopa kuchekwa na mtaa. Aliogopa asante ile ya pasi. Mkewe hakuuliza masalio yanakwenda wapi. Ila siku moja dereva alikuta kastabini ya kusukumia sindano imewekwa kwenye mkono wa kochi, saizi ya kidole chake kinene, na mwenye kuiweka anashona dirishani kama hajui kitu.

Alasiri moja, akimalizia ukingo wa mwisho, alisikia ngurumo mlangoni.

“Hodi! Mgonjwa mzima, au tuanze kugawana viatu vyake?”

Ni dereva mwenzake, waliyemwita Honi kwa sababu sauti yake hufika kabla yake. Wakati huohuo binti alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Nafasi ya kulisokomeza blanketi haikuwepo. Dereva akajivutia shuka mapajani.

“Loo, kaka!” Honi akasema. “Umejifunika kama bibi harusi! Simama nikuone.”

“Daktari kanikataza.”

“Kakukataza usukani. Au alikukata na miguu?”

Kiburi kilichomletea ngiri kikamwinua tena. Akajishika tumbo, akasimama. Shuka ikaanguka. Blanketi halikuanguka. Lilisimama naye, likaning’inia kutoka kitovuni mpaka magotini na rangi zake zote. Akalipangusa. Akalivuta, na shati nalo likavutika. Lile shati lake la kazi, la buluu, alilokuwa akilivaa bila kuchomekea ili lisibane jeraha, alikuwa amelishona pamoja na blanketi.

Mkewe akazitema pini upesi asije akazimeza.

“Shemeji,” Honi akasema, “naona unamkatia mteja gauni hapohapo mwilini?”

Njia ya kutokea ikawa imefunguliwa. Cherehani hii hapa, fundi huyu hapa; ilitosha kusema ni kazi ya mkewe. Dereva akafungua mdomo. Akamwona binti yake, sinia mkononi, hajacheka, anangoja.

“Ni la mjukuu,” akasema. “Nimelishona mimi. Shati ni bahati mbaya.”

Ndipo kile kicheko cha jikoni kilipolipuka sebuleni. Binti aliweka sinia chini lisimwagike, akajishika tumbo. Baba naye kikamshinda, akajishika lake, “Ole wangu, mshono!”, wakabaki wanatazamana hivyo, kila mtu na mzigo wake mikononi.

“Kaa, Baba, nikutoe.”

Binti akaketi ubavuni pake na mkasi, akainama juu ya ukingo. Hawakuwahi kukaa karibu kiasi kile tangu avae viatu vya kwanza vilivyombana.

“Nilipozaliwa mimi ulikuwa wapi?” akauliza, macho kwenye uzi.

“Njiani.”

“Na wadogo zangu?”

“Njiani.”

“Na huyu je?”

“Huyu kaniweza. Kanifunga kwenye blanketi lake.”

Binti akatabasamu bila kuinua uso. Akachokonoa kwa ncha ya mkasi, akahangaika na sindano. “Mafundo gani haya? Hayafunguki.”

“Ya turubai.”

“Jirani ndiye mwenye habari zake,” mkewe akasema kutoka dirishani.

Binti akalitazama fundo, akalitazama blanketi. Kisha akauacha uzi, akaupeleka mkasi kwenye shati lenyewe. Akalikata kulizunguka fundo, taratibu, mpaka baba akawa huru na kipande cha buluu kikabaki ukingoni mwa blanketi. Akakunja kingo zake kwa kidole gumba. Kikakaa miongoni mwa wenzake kama kilichopangiwa pale tangu mwanzo. Akalitandaza blanketi juu ya tumbo lake. Kipande kimoja kikaruka kidogo, kikatulia.

“Umeona?”

“Nimeona,” dereva akasema.

Honi akakohoa. “Fundi, na mimi hiki kifungo changu kinalegea…”

“Thubutu!” mke akamkemea. “Utazikwa na hilo shati.”

Honi alipokwisha kuaga, mke wa dereva akanyoosha mkono. “Lete hilo tobo nilitie kiraka.”

Dereva akatazama kidirisha kilichofunguka tumboni pake. “Liache. Panaingia hewa.”

Upande wa pili wa kochi, binti alikuwa amekwisha kukunja pindo la kile kipande cha buluu. Akampa baba yake sindano tupu na ncha ya uzi.

“Nitungie, Baba.”

Dereva akafumba jicho moja, akatoa ulimi nje kidogo.