Wanaoitikia Majina ya Wafu

Usingizi unamchukua Mwanatumu alasiri, nyumba imejaa wanawake wanaosuka ukili na kusengenya, na wifi yake ndiye mwenye sauti kubwa: Makubwa haya! Jina la kaka yangu linaitikiwa kila asubuhi kikosini kwa Sultani, wewe wataka kumkalia eda mtu aliye hai? Sauti zinazama. Mwanatumu anavuka kizingiti na kule nje si uani tena, ni barabara isiyo na mwisho, inampitisha mji wa Sultani, kisha mji uleule umegeuka kama ndani ya kioo, wa ndugu yake Sultani aliyeasi, madirisha yaleyale, wanawake walewale, ila huku wanawazomea askari waliowashangilia kule. Mtu asiye na uso anaongozana naye. Mwanatumu anamuuliza, Bwana, askari wa miguu wa Sultani wako wapi? Wako walipofia. Walifia wapi? Langoni, kisha kwenye mashamba ya chumvi, kisha mtoni. Basi wamepungua? Hata mmoja hajapungua, sikiliza. Barabara inajikunja, inakuwa uwanja, safu zimesimama, na nyingi ni nafasi tupu. Akida anaita majina. Ndiyo desturi yao tangu walipomwapia Sultani: akianguka mtu, wa kushoto kwake humwitikia, Sultani asisikie kimya. Mmoja koo limemkauka, anaitikia safu nzima, Yupo, yupo, yupo. Mwanatumu anamsogelea. Shemeji, waache wenzio wapumzike. Tukinyamaza, shemeji, Sultani atajua yuko peke yake. Na sisi wake zenu je? Si wajane, si wake, tumewekwa tu kama vyombo vya wageni!

Akida anaita, Shekue, mumewe Mwanatumu huyo. Askari anafumbua mdomo, anamtazama Mwanatumu, anaufumba. Kimya. Ndicho alichokifuata Mwanatumu, hana la kufanya ila kukiacha kipite, kesho avae nguo za eda amlie mumewe. Jina linaitwa tena. Kimya kile kinapanuka, kina baridi, na neno linamtoka yeye mwenyewe, Yupo!

Vigelegele. Wanawake wa ukili wamemzunguka, wifi yake anamkumbatia akilia kwa furaha, Mmemsikia wenyewe jamani, yupo! Mwanatumu hajui aende wapi akalifute neno lake, kule alikolitamka, au huku wanakolipigia makofi, kama huku kweli ndiko kuamka.