Ulezi Hauliwi na Wadudu

"Mama, nani kafungua ndoo yangu ya mbegu?"

Hilari alikuwa mlangoni, jembe bado begani. Bibi Scola hakugeuka. Alikuwa amempakata mjukuu wake Upendo, anamkwangulia uji wa mwisho kwenye bakuli. Mtoto ambaye juzijuzi tu kila chakula alikuwa anakigeuzia uso, leo anakivuta kijiko kwa mikono miwili.

"Nimefungua mimi," alisema Bibi Scola. Alijua atasemwa, na jibu alishaliandaa. "Ulezi wa kula umekwisha. Mkeo kaenda kuutafuta sokoni Kashaulili, na huyu tumbo lake halisubiri soko. Nimechota kidogo, nikaosha, nikasaga. Mbegu utapata nyingine. Mtoto mwingine utamtoa wapi?"

Alitegemea mwanawe atanuna, kisha acheke. Hilari hakununa wala hakucheka. Jembe lilimtoka begani likaanguka, na yeye hakuliangalia.

"Mama, ule ulezi nimeutia dawa."

Kwanza Bibi Scola hakuelewa. Dawa? Kwenye ulezi? Kwao Mpimbwe, alikokulia, ulezi ulikaa kwenye kihenge mpaka mtoto aliyezaliwa siku ya kuuvuna akaanza kuchunga mbuzi, na punje ilitoka vilevile ilivyoingia. Punje ndogo namna ile, mdudu atakaa wapi humo ndani? Wa kutia dawa ulezi ni mtu aliyekua akiona mahindi tu, aliyeona dumuzi akigeuza gunia zima kuwa vumbi, akadhani kila nafaka iko hivyo.

Na kwa nini Hilari alikua akiona mahindi tu? Hilo Bibi Scola hakuhitaji kuambiwa. Aliwakumbuka mabwana waliokuja Kasokola na pikipiki zao, yeye akiwa na huyuhuyu Hilari mgongoni, wakasimama shambani kwake na viatu vyao juu ya ulezi wake. Chakula cha walevi hicho, walisema. Limeni tumbaku, nyie, mtoke gizani. Mwanamke mmoja akauliza watoto watakula nini, wakamcheka: mtanunua! Leo watoto wa Kasokola wanavimba miguu na nywele zinageuka rangi, na mabwana wengine wamekuja na gari na picha ya mtoto mnene, wanamfundisha yeye, Scola, kupika uji wa ulezi.

"Dawa gani?" aliuliza. 

"Ya mahindi iliisha. Nikachukua ile ya tumbaku."

Bibi Scola aliliangalia bakuli. Lilikuwa jeupe, limelambwa.

Vumbi aliliona. Alipofunua ndoo aliliona lile vumbi la kijivu juu ya punje, akasema moyoni ni majivu, kumbe mwanangu anakumbuka babu yake alivyokuwa akiweka majivu kwenye mbegu za maharage. Alifurahi hata! Harufu hakuisikia, maana nyumba yao iko mgongoni mwa bani la kukaushia tumbaku, na hapo hata maji ya kunywa yananuka tumbaku na dawa zake.

"Mtapishe!" Hilari alipiga kelele.

"Usimtie kidole! Anaweza kupaliwa!" Alishasimama, mtoto kifuani, kanga inamwanguka. "Kamwite Nkwabi na pikipiki!"

Nkwabi, jirani yao Msukuma, alikuwa anaosha ng'ombe wake. Alikuja na miguu ya matope, akawasha bila kuuliza bei wala safari.

"Panda, mayu. Mshike vizuri. Kuna nini?"

"Nimemlisha sumu," alisema Bibi Scola, na Nkwabi, mtu wa utani mpaka misibani, alifunga mdomo akaondoka.

Barabara ya Kasokola kuingia mjini Bibi Scola aliijua kwa miguu, na leo haikuwa ileile, ilikuwa inarefuka. Kila tuta aliuminya mwili wa mtoto kutafuta pumzi. Ipo. Tuta jingine. Ipo? Ipo. Kisha alihisi maji kifuani. Mate yalikuwa yanamtiririka Upendo kama mtu aliyefunguliwa bomba, na paji la uso limelowa jasho ilhali upepo unawapiga.

"Nkwabi! Anatoka mate!"

"Naenda, mayu! Nikikimbiza zaidi ya hapa nitawaua wote!"

Alijaribu kusali, maneno yakagoma. Kitu pekee kilichokuja kichwani ni sauti yake mwenyewe, asubuhi ile, akimwimbia mtoto huku anasaga. Alikuwa ameimba. Alikaa juu ya jiwe la kusagia akasaga kifo cha mjukuu wake, na akakiimbia.

Hospitalini nesi aliyewapokea, binti mdogo aitwaye Jeniffer, alimfunua Upendo jicho. Mboni ilikuwa imesinyaa kama tundu la sindano. Hakusema pole. Alikimbia naye. Mlango ukafungwa, na Bibi Scola akabaki kwenye benchi na kanga iliyolowa mate, anausikiliza mlango. Akilia, yu hai. Mbona halii? Mtoto mwingine alilia mahali fulani, yeye akasimama, akajua si wake, akakaa.

Hilari alifika na mkewe Theopista, aliyemkuta njiani. Theopista alikuwa bado ameshika mfuko wa ulezi kutoka sokoni. Bibi Scola hakuweza kumtazama mkwewe. Alimgeukia mwanawe, maana hasira ilikuwa nyepesi kuliko hofu.

"Ulezi hauliwi na wadudu! Nani alikwambia uutie dawa?"

"Hakuna aliyeniambia, mama," alisema Hilari. Alikuwa analia waziwazi. "Hakuna aliyeniambia chochote kuhusu ulezi. Kwetu nimefundishwa tumbaku."

Bibi Scola alijisogeza kwenye benchi, akamwachia nafasi ya kukaa. 

Mlango ulipofunguka, wote watatu walisimama na hakuna aliyesogea. Nesi Jeniffer alijifuta shingo.

"Sindano imekubali. Ila bado tunamwangalia, msifurahi sana. Nani aliandaa huo ulezi?"

"Mimi," alisema Bibi Scola.

"Uliuosha?"

"Ulezi unaoshwa. Una mchanga. Unaosha mpaka maji yatoke meupe."

"Basi dawa nyingi iliondoka na maji. Ungesaga hivyohivyo, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine."

Upendo alikaa wodini mpaka macho yake yakarudi makubwa. Na jambo la kwanza alilofanya yalipomrudia ni kudai chakula. Mkono wake ulikuwa bado mwembamba, bado ule utepe wa kliniki wa kupimia utapiamlo ungesoma nyekundu, na nesi alisema alishwe, tena ule uji uleule. Theopista aliupika jikoni kwa wauguza wagonjwa, kwa ule ulezi wa sokoni, akaja nao ukifuka moshi.

Mtoto alimtazama mama yake, akageuza uso. Akamnyooshea bibi mikono.

"Siwezi," alisema Bibi Scola. "Mama Upendo, siwezi. Mlishe wewe."

"Kwangu hali chakula, mama. Unajua." Theopista alikuwa amekonda kwa siku hizo, na sauti yake haikuwa na upole wala ubaya. "Sijakusamehe bado. Shika kijiko."

Bibi Scola alikishika. Alionja kwanza yeye. Akakaa, ameufumba mdomo, anasikiliza tumbo lake, ulimi wake, jasho lake, huku Upendo anapiga makelele ya njaa na wodi nzima inawatazama.

"Mama, unapoa," alisema Theopista.

"Ngoja kwanza," alisema. Akaonja tena.