Kifua cha Kaa la Moto

Kabla jino la Gogo halijazama kwenye beseni la oili chafu, jambo lenyewe lilikuwa gumzo tu.

Aliyelileta ni Mama Gereji, mwenye uwanja na mwenye simu isiyopitwa na jambo, liwe la ndoa ya jirani au la matajiri wa ng'ambo asiowajua hata kwa kivuli. Alisimama kati ya basi dogo lililovuliwa milango na teksi iliyopondwa ubavu, akapaza sauti kuishinda kompresa.

"Jamani, wamenunuana! Ile kampuni kubwa ya filamu imeimeza ile ndogo, na mifupa yake!"

Fundi rangi akazima kompresa, akashusha barakoa. "Ipi, Mama? Yenye Kaa la Moto?"

"Ipi tena? Hiyo hiyo."

Kazi ikafa papo hapo. Gereji ile ilikuwa na mashabiki kama mbwa alivyo na viroboto, na ugonjwa wao ulikuwa Kaa la Moto: shujaa aliyechomwa akakataa kufa, anayemwachia adui apige kwanza, kifua wazi, ndipo naye ajibu. Waliombuni kwenye vitabu vya picha waliwahi kuishiwa, wakauza haki ya kumtengenezea filamu. Basi miaka yote mashujaa wenzake wako nyumba moja, yeye yuko kwa watu. Na sasa mwenye ile nyumba ndiye amemnunua aliyekuwa akimlea.

"Anarudi kwao," alisema Cheche, mchomeleaji, mume wa dada yake fundi rangi. Alilisema taratibu, kama mtu anayeonja. "Shemeji, umesikia? Anarudi kwao."

"Tusikimbilie. Haki ni kama chumba cha kupanga. Nyumba ikiuzwa, mpangaji hatolewi siku hiyo hiyo. Kuna mikataba."

"Mkataba kitu gani! Watamweka filamu moja na yule Jinamizi, mbabe wa kampuni kubwa, amtie adabu tupumue."

Hapo Gogo, fundi injini, akajivuta kutoka chini ya basi kwa mgongo. Gogo alikuwa mtu wa Jinamizi tangu zamani, na alikuwa mkubwa kiasi kwamba wengi walimwachia hoja.

"Nani amtie nani adabu? Huyo wenu akifika kule watampaka poda. Watamfanya wa watoto, aimbe na mbwa. Jinamizi atamfanya kifungua kinywa."

"Labda usingizini, Gogo," alisema Cheche, "ukiwa umelala chini ya hilo basi kama kawaida yako."

Mama Gereji alikwisha fudikiza ndoo, akaikalia. "Mpe, mpe! Haya Gogo, na hilo utalimeza?"

Gogo hakulimeza. Angelimeza, leo angekuwa anatafuna pande zote mbili. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Wewe Cheche unamlilia kwa sababu mmefanana. Yeye waliomzaa walimuuza. Wewe baba yako alikutupa kwa shangazi ukiwa na kaptura moja, na hadi kesho hajaja kukuchukua. Mtu wa hivyo hana kwao, bwana. Anahamishwa tu."

Mama Gereji akainuka kwenye ndoo.

Cheche alijibu kwa chuma. Spana ya magurudumu ilimpata Gogo kwenye taya, jino likaruka, likafanya chubwi kwenye oili. Gogo akamrukia, wakaangukia mlango wa teksi, kioo kikamwagika chini yao. Cheche akang'ata sikio. Gogo akamsugua uso kwenye changarawe mpaka shavu likafanana na nyama ya buchani. Fundi rangi aliingia kuamua, akala kiwiko cha pua, akatoka anavuja. Mama Gereji alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka, lakini kwa wawili wale yalikuwa kama mayowe ya ukumbi wa sinema: yaliwatia moto tu.

Gogo akajinasua, akakamata nyundo kubwa ya kunyooshea chasi. Mtu mwenye akili angekimbilia barabarani. Cheche alikimbilia ukutani.

Pale ukutani palitundikwa kifua cha Kaa la Moto: bamba alilolikata mwenyewe kutoka boneti ya lori kuukuu, akalichomelea likafuata mbavu zake, shemeji yake akalipaka wekundu wa makaa unaofifia kuwa mweusi. Kila filamu mpya ya Kaa la Moto ilipotoka, Cheche alilivaa akatangulia mbele ya foleni ya sinema, gereji nzima nyuma yake. Watu walilipiga ngumi kwa utani wakaondoka wanapuliza vidole. Akajifunga mikanda, akapanua mikono.

"Piga wewe kwanza," alisema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Piga, uone kama sina kwetu."

Gogo akainua nyundo. Hakuwa muuaji. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba chuma cha lori kitaipokea. Atamlaza chali, basi, yaishe.

Mmoja tu ndiye aliyejua lingine. Siku alipoletewa bamba lile, fundi rangi alikwangua rangi ya zamani akakuta upande wa kushoto kutu imelila mpaka kidole kinapenya. Cheche alikuwa na furaha kama bwana harusi, na boneti nyingine haikuwepo. Basi akafanya kile mafundi wa bodi wanachofanyia magari ya watu wenye haraka: akaziba kwa puti, ule uji wa kujazia unaokauka kama chokaa, akapiga msasa, akapaka rangi. Kitu kikishang'aa, nani huuliza kilicho chini? Alisifiwa, akanyamaza. Juu ya moyo wa shemeji yake hapakuwa na chuma. Palikuwa na unga mkavu.

"Puti!" alipiga ukelele. "Gogo, hapo ni puti!"

Neno lilimfikia Gogo, macho yakamtoka, lakini nyundo ya uzito ule ikishaanza kushuka haina mwenyewe. Fundi rangi akajitupa, akatanguliza mkono wa kulia, mkono wa bunduki ya rangi. Nyundo ikautwanga juu ya kifua. Mlio wake ulikuwa wa kuni mbichi inayovunjiwa gotini. Mkono uliipotosha nyundo, ikakwangua bega badala ya kuzama. Hata hivyo bamba lilipasuka, puti ikamwagika miguuni kama biskuti, na kwenye tundu ikaonekana fulana ya Cheche ikipanda na kushuka.

Cheche akaingiza vidole kwenye tundu lile. Akamtazama shemeji yake, aliyekuwa amepiga magoti, amekumbatia mkono uliogeuka sura.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote nasimama nalo mbele za watu, na wewe unajua?"

"Ulikuwa umefurahi mno, shemeji."

Cheche akampiga ngumi ya mdomo. Akainua ya pili, Gogo akaidaka hewani, akamkumba kwa nyuma, akamkumbatia huku analia makamasi na damu. "Basi, basi. Ningekuua, mjinga wewe. Ningekuua kweli."

Cheche alifurukuta, kisha nguvu zikamwisha, akaanguka kitako pale pale. Akafungua mikanda ya bamba, akavua fulana, akaufunga ule mkono wa shemeji yake. Hakuomba radhi. Alikaza fundo kwa meno.

Dada mtu, mke wa Cheche, aliwakuta kwenye benchi la hospitali, watatu, wamepangwa kama chupa tupu. Daktari alikwisha sema: mkono utapona, ila vidole viwili havitakunjika tena, na ni hivyo viwili vinavyobana bunduki ya rangi. Dada alimtazama kaka yake usoni kwa muda.

"Mkono ni nyundo, nimeambiwa. Mdomo nani?"

"Mlango wa teksi," fundi rangi alimwahi shemeji yake.

"Mlango wa teksi unavaa pete ya ndoa?"

Alama ilikuwa pale pale juu ya mdomo, duara, wazi kama muhuri. Cheche akainamisha kichwa.

"Ni mimi, mke wangu. Na bila yeye ungekuwa mjane saa hizi."

Dada alijipenyeza akaketi katikati yao, akaushika mkono wenye plasta kwa upande huu, na wa mumewe kwa upande huu. "Mkiruhusiwa, wote twende nyumbani," alisema. "Nyote."

Mlangoni Mama Gereji akaingia mbiombio, simu mbele. "Jamani! Serikali ya huko imezuia! Hawanunuani tena mpaka kesi iishe!"

"Kwa hiyo harudi kwao," alisema Cheche.

"Kwa sasa, hapana," alijibu shemeji yake.

Cheche akafikiri, akauegemeza mgongo kwenye bega la mkewe. "Shauri yake."

"Afadhali," alisema Gogo kupitia pengo lake. "Maana kwa Jinamizi yule angeli—"

Dada akavua kiatu.