Jina Lililobadilishwa Saa Sita

Hospitali nzima ilimwita Sauti, kwa sababu wengi walimsikia miaka mingi kabla ya kumwona. Yeye ndiye aliyekaa kwenye chumba cha simu, akiunganisha wodi na maabara, maabara na stoo, vidole vikijua kila kitufe kilipo. Alizaliwa haoni. Dada yake alifanya kazi huko huko, kwenye chumba cha kufulia, akijaza shuka kwenye mashine na kuzitoa zikifuka mvuke. Jioni walibadilisha nguo, wakashika kamba moja fupi, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakakimbia kwenye uwanja wa shule ya jirani. Walifanya hivyo miaka tisa.

"Hawa wawili," watu walitania, "mbu akimuuma mmoja, mwenzake ndiye anayejikuna."

Mwaka huo ilikuwa mara yao ya tatu kwenye mashindano ya taifa ya wanamichezo wenye ulemavu. Mara mbili za kwanza walikimbia mita mia nne wakarudi mikono mitupu. Safari hii kocha wao, mwalimu mstaafu asiyejua kusifu, alisema wazi kwamba medali ipo.

Mchujo ulikuwa asubuhi ya siku ya pili. Sauti alifungwa kitambaa cheusi machoni kama wenzake wote, wasije wengine wakaambulia mwanga. Bastola ikalia. Dada akaanza maneno yake ya siku zote: "Kona. Tulia. Nyooka sasa." Walipofika katikati maneno yakakatika. Badala yake Sauti akasikia pumzi yenye mluzi, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Kisha kamba ikavuta kuelekea nyuma.

Angeweza kuongeza mwendo. Miguu ilikuwa bado ina nguvu. Lakini kamba ikiachiwa, wote wawili wametolewa, kwa hiyo akapunguza, akasikia nyayo za wengine zikimpita. Waliingia fainali kwa bahati tu, wa mwisho kati ya wanne.

"Dada, unaumwa?" aliuliza walipokuwa wakivua viatu kwenye bweni la wanamichezo.

"Nimelala vibaya tu. Magodoro ya hapa ni mbao zilizovalishwa foronya."

"Kifua chako kinapiga mluzi."

"Mdogo wangu, mimi nina miaka arobaini na mitatu. Ulitaka kiimbe?"

Wakacheka, dada akacheka kwa muda mfupi kuliko kawaida, kisha akaenda bafuni na kufungua bomba kwa nguvu. Sauti alikaa kitandani akisikiliza. Maji hayakuweza kuficha kikohozi chote.

Kocha alimkuta kwenye ukumbi wa bweni. "Sikuzungushi," alisema. "Dada yako amefika mwisho. Yupo fundi baiskeli, aliwahi kukimbia vizuri, mkimbiaji aliyekuwa akimwongoza ameumia na ameondolewa. Ofisi inapokea mabadiliko hadi saa sita. Baada ya hapo, basi."

"Umemwambia dada?"

"Hilo si langu. Ni lako."

Kwa saa nzima Sauti alitafuta namna ya kusema. Alianza mara mbili. Mara ya kwanza dada alikuwa akimsuka nywele upya zisimsumbue mbioni, vidole vyake vikiwa vikavu na vyenye nyufa za sabuni. Mara ya pili dada mwenyewe alimkatiza: "Mama aliniambia nikushike mkono hadi barabarani. Angalia barabara ilivyokuwa ndefu." Baada ya maneno hayo, mtu angeanzia wapi?

Zikiwa zimebaki dakika kumi, alisema anakwenda kujinyoosha na kocha. Akaongozwa ofisini, karani akamsomea fomu, akaweka dole gumba. Alijiambia kwamba atamweleza dada wakati wa chakula. Chakula kikaja. Dada akamtolea samaki miiba, akamwekea kijiko mkononi. Sauti akala na kunyamaza.

Kwa hiyo dada aliyajua hayo mlangoni, kwenye chumba cha kuitia wakimbiaji, akiwa ameshavaa fulana yake ya mwongozaji. Msimamizi alipitisha kidole kwenye orodha.

"Wewe humu haumo, mama."

"Angalia tena. Mimi ndiye ninayemkimbiza."

"Jina lilibadilishwa saa sita. Mwenyewe ameweka dole."

Sauti alisubiri kutukanwa. Angependa kutukanwa. Alichosikia ni fulana ikivuliwa.

"Ungeniambia wewe," dada alisema polepole. "Nisingekubali, lakini ungeniambia." Akamwekea kamba kiganjani na kuondoka.

Fundi baiskeli alikuwa na mkono mkubwa na maneno mengi. Walipata nusu saa kwenye majani nje ya uwanja kupatanisha hatua. "Dada, wewe kimbia, mengine niachie mimi," alirudia hadi Sauti akamwomba anyamaze. Lakini bastola ilipolia, kamba haikumvuta popote. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliijua kasi yake mwenyewe yote, na humo ndani ya kasi alikuwa akilia chini ya kitambaa. Walimaliza wa pili, kwa sekunde sita pungufu ya mchujo.

Medali zilikuwa mbili, ya mkimbiaji na ya mwongozaji. Fundi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimfuata dada kwenye jukwaa la watazamaji. "Shemeji, hii ni yako. Miaka tisa ni yako."

"Sikuikimbilia," dada alijibu. "Na mimi si shemeji yako."

Siku iliyofuata walirudi na basi la timu. Dada alikaa kiti cha nyuma, Sauti mbele na kocha. Waliposhuka kituoni hapakuwa na mwingine wa kumfikisha nyumbani, kwa hiyo dada alimpa kiwiko, na Sauti akakishika. Njia ya kwao ni mlima mrefu. Hatua hamsini, dada akasimama. Pumzi ikapiga mluzi, na mara hii hakutafuta bomba la kuifichia.

"Tangu lini?" Sauti aliuliza.

"Mwaka wa pili huu. Daktari wa kifua aliniambia niache mvuke na niache mbio. Nikasema nikiacha, wewe utakimbia na nani?"

"Na ulinificha."

"Nilikuficha. Na wewe ukanificha. Tumelipana."

"Sikutaka tulipane, dada."

Wakapanda tena kidogo, wakasimama tena. Mtu alipita na mkokoteni, wakasogea pembeni mpaka akapita.

"Kesho naomba ruhusa kazini, tunakwenda kwa daktari wote wawili," Sauti alisema. "Nitakaa ndani nisikie mwenyewe."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nasema usije ukadhani."

"Sidhani, dada."

Walisimama mara tano kabla ya kufika mlangoni. Kila mara Sauti alisubiri, na safari hiyo yeye ndiye aliyebeba mabegi yote mawili.