Misumari Saba ya Mwalimu Ramani

Mwalimu wa jiografia, ambaye wanafunzi walimwita Ramani akishatoka tu, alizipenda chati zake kama mboni ya jicho. Upepo ulipozidi kuzibandua ukutani, alichukua nyundo akayapigilia madirisha misumari saba. Chati zikatulia. Wanafunzi sitini nao wakatulia, hasa baada ya chakula cha mchana: kimya cha samaki kwenye barafu.

Mama mfagiaji wa shule alimwonya. "Mwalimu, humu watoto wanavuta pumzi iliyokwisha kuvutwa na wenzao. Fungua madirisha."

"Mama, kila mtu na ufagio wake," alimjibu, na darasa zima likacheka.

Binti wa mama huyo alikaa dawati la nyuma kabisa, pembeni, na hapakupita siku asisinzie. Mwalimu akambatiza Bibi Kitanda. Muhula ulipokaribia kwisha akamwandikia barua: arudie darasa kwa uvivu, mzazi atie sahihi, ifike kwa mwalimu mkuu.

Saa nane mchana mama akamfuata mlangoni mwa darasa, ufagio mkononi.

"Sibishani na wewe, mwalimu. Ila kaa kwenye dawati la mwanangu. Kipindi kimoja tu."

"Mimi? Nikilala, niiteni Bibi Kitanda!"

Akaketi, binti akajibana dawati la jirani. Mwalimu wa hesabu akaingia kufundisha. Hewa ilikuwa nzito, ya jasho na vumbi la chaki, haiendi wala hairudi. Ramani alisikia kipeuo cha pili cha arobaini na tisa. Cha sitini na nne hakukisikia.

Alizinduliwa na vicheko. Mate yake yalikuwa yamechora bara zima kwenye daftari la binti.

"Umeamkaje, Bibi Kitanda?" sauti ikatoka mbele.

Alicheka nao, kicheko cha kujikaza. Alipoegemea dawati ainuke, kitu kikamchoma kidole. Sindano, imechomekwa kwenye ufa wa mbao.

"Ya nani hii?"

"Yangu, mwalimu." Binti peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. "Najichoma pajani nisilale. Siku nyingine haisaidii."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. Alikwenda kuazima koleo, akapanda kiti, akang'oa misumari mmoja mmoja huku mama, aliyekuwa akingoja mlangoni, akimshikia kiti kisiyumbe. Dirisha la kwanza lilipofunguka, chati ya milima ikaruka ikamfunika uso. Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mama," alisema akiwa bado juu ya kiti, maana kushuka kungemlazimu kumtazama machoni, "nirudishie ile barua."

"Nilishaitia sahihi, mwalimu. Nimeipeleka asubuhi."

"Mbona umesaini?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Uliposema mwanangu mvivu, nilikuamini, mpaka mchana huu nilipofagia humu nikashikwa na usingizi mwenyewe. Jana nimemchapa."

Mwalimu akashuka. Misumari saba kiganjani, akaelekea ofisi ya mwalimu mkuu, ambako walimu wenzake walikuwa wamekaa kikaoni baada ya vipindi. Alipogonga mlango, bado alikuwa hajajua aanze na neno gani.